Nyumbu Hakuvuka Mto kwa Ajili Yako

Juzi, kwenye hafla ya kumuaga mstaafu mmoja, mhamasishaji aliyekodiwa kwa hela za michango yetu alisimama akatuhubiria habari za tai. Tai akifikisha miaka 40, alisema, hupaa peke yake hadi mlimani, hugongesha mdomo wake kwenye mwamba mpaka ung'oke, husubiri uote mwingine, kisha kwa mdomo huo mpya hung'oa kucha na manyoya makuukuu. Baada ya miezi mitano hushuka kijana, ana miaka 30 mingine ya kuishi. Nyuma yake ukutani ilikuwapo picha kubwa ya tai huyo, aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe, alituambia, kwenye mtoko wa kiangazi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama mmoja mezani kwetu alifuta machozi.

Ndege aliyekuwa pichani ni mwewe. Mwewe huyu huyu anayenyakua vifaranga uani na mishikaki mikononi mwa watoto ufukweni.

Na habari yenyewe ni uongo mtupu. Mdomo wa tai huota taratibu maisha yake yote, kama ukucha wako. Manyoya hupukutika machache machache na kuota mengine. Tai aliyeng'oka mdomo hangoji kuota mwingine: hawezi kula, anakufa. Wale tai wa Marekani wenye kichwa cheupe, aliyeishi miaka mingi zaidi porini kati ya waliovishwa pete na watafiti alikuwa na miaka 38, na mwaka 2015 aligongwa na gari. Hakuifikia hata hiyo 40 ya kupandia mlima.

Ningemwacha mhamasishaji na mwewe wake kama lingekuwa lake peke yake. Lakini alichokisema kwa kipaza sauti ndicho nusu ya mji inachokiamini kimya kimya: kwamba mtu akitoka nje ya mji, akasimama mbele ya mti au maporomoko ya maji, akapiga picha, lazima arudi na somo la maisha. Masika ikishakatika tu, simu yangu hufurika masomo. Mti mkavu: usikate tamaa. Kinyonga: nenda na wakati. Maporomoko: kuanguka si mwisho. Rafiki yangu mmoja alirusha picha ya jua jekundu juu ya bahari, Bagamoyo, na chini yake akaandika kwamba kila mwisho una uzuri wake. Bagamoyo inatazama mashariki. Pale jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Maskini aliamka alfajiri, akapiga picha ya asubuhi, akaiandikia tanzia.

Mimi watu hawa nina swali moja tu kwao, na nimeshawachosha nalo: ule mti unaitwaje? Umekaa chini yake saa nzima, umeuegemea, umepiga picha ukiwa umefumba macho, umetuambia unavyofundisha uvumilivu. Jina lake? Huota wapi? Hutoa maua mwezi gani, nani anakula matunda yake? Kimya. Mti hawaujui, ila fundisho lake wanalo.

Tulikwenda Lushoto na watu wa kazini, Coaster moja, fulana za rangi moja, na spika iliyopiga muziki kutoka Mombo mpaka juu, hata kona za Soni hazikuonekana kwa kelele. Tukafika Irente. Pale ukisimama ukingoni mwa jabali unaiona tambarare ya Mazinde chini kabisa, imepangwa mistari ya kijani iliyonyooka. Mwenzetu mmoja alipiga picha, akanionyesha alichokwisha kuandika: asili haina haraka, lakini kila kitu hutimia kwa wakati wake.

Mistari ile ni mkonge, bwana! Mkonge si asili ya Mazinde wala ya Tanga yote. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mbegu yake ya Mexico imepitia Florida, na katika shehena aliyoagiza ni miche 62 tu iliyonusurika. Miche hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yale, na walioyalima ni manamba waliotolewa makwao mbali kwa mikataba na kupewa namba. Haraka ilikuwapo, tena ya viboko. Hata mikaratusi iliyotutilia kivuli barabarani asili yake ni Australia. Mtu amesimama mbele ya historia nzima ya mkoa, iko wazi kama ramani, na alichokiona ni subira.

Wakati bado tunabishana, akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, ngata ya kanga iliyofifia, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Wenzangu walimzunguka kama bi harusi. "Mama, simama hapo hapo, usicheke." Bibi akasimama, akawatazama, akasema: "Wanangu, nitueni kwanza, ndiyo mpige." Simu mbili zilikuwa zimeshapiga. Jioni picha ilizagaa kwenye kundi letu: Mwanamke wa shoka. Alikuwa na panga. Na kama kuna mafunzo yoyote yaliyopatikana Irente siku ile, aliyatoa yeye kwa maneno matatu ya kwanza, wala hayakuhitaji kamera.

Lakini hakuna kiumbe aliyeonewa na masomo haya kuliko nyumbu. Kila Julai hadi Septemba tunaletewa picha za nyumbu wakivuka Mto Mara, na kila mwaka tunaambiwa lile lile: jitose, usiogope mamba, ng'ambo ya pili kuna majani mabichi. Semina za ujasiriamali zimejaa nyumbu. Sasa sikilizeni. Watafiti waliohesabu mizoga kwenye mto ule, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walikadiria kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 hufa maji humo kila mwaka kwa wastani. Hufa maji, sikusema huliwa. Mamba wenyewe huambulia kama asilimia 2 tu ya nyama ile. Kinachowaua ni msongamano: kingo zina mwinuko, wa mbele wanakwama, wa nyuma wanasukuma. Nyumbu aliye katikati hajajitosa popote, ametoswa. Na kuna makundi ambayo yakishavuka hugeuka na kuvuka tena kurudi yalikotoka. Wekeni hilo kwenye semina.

Tena mkiacha kutafuta ujasiri mle, mtaona jambo kubwa kuliko hilo lenu. Mizoga ile ndiyo karamu ya mto. Tumbusi na korongo wanashuka, samaki wanakula, nyama laini inakwisha kwa wiki chache, halafu mifupa inakaa chini ya maji kiasi cha miaka 7 ikiachia rutuba yake kidogo kidogo. Mto mzima unaishi kwa ajali. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikosa usingizi kwa furaha. Halinihusu mimi hata chembe, na ndiyo raha yake.

Watu hawatosheki kutazama. Julai 2025 ilisambaa video ya watalii walioshuka magarini kando ya Mto Mara, Serengeti, wakajipanga ukingoni na simu zao, wakawazibia njia nyumbu waliokuja kuvuka. Tuliwalaani, na kwa haki. Lakini mimi sioni tofauti kubwa kati yao na huyu wa kwetu aliyebaki garini akituandikia somo. Wote wawili wamemweka nyumbu kwenye picha ili wao waonekane.

Na mbona masomo yenyewe yanachaguliwa? Simba dume akitwaa familia ya mwenzake, mara nyingi huwaua watoto aliowakuta. Sijasikia hilo likihubiriwa kwenye semina ya baba wa kambo. Gombe, kule Kigoma, kati ya mwaka 1974 na 1978 kundi moja la sokwe liliwawinda na kuwaua madume wa kundi lililojitenga nalo, mmoja baada ya mwingine, mpaka likakwisha. Majirani waliokuwa ndugu! Hiyo nayo ni asili, chini ya miti mizuri, kando ya ziwa zuri. Andikeni basi chini ya picha. Tunajua hayo kwa sababu Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960, hakwenda kujitafuta. Alikwenda kutazama sokwe. Aliwajua mmoja mmoja kwa majina, na mwaka ule ule alimwona mmoja wao akichokoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti, jambo ambalo wakubwa wa sayansi walikuwa wanaamini ni la binadamu peke yake. Angekaa pale akitafakari safari yake ya maisha, kijiti kile kingempita.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa. La kwanza: "Una wivu, huna hela ya kutoka." Haya, nina wivu. Nauli ya treni ya Dar es Salaam mpaka Morogoro imenishinda, ndiyo maana nyumbu wanakufa maji. Nyie wenye hela zenu mlioshindwa kutofautisha mwewe na tai mko sahihi. La pili linakuja na kanzu ya heshima: wahenga nao walijifunza kwa wanyama na bahari. Walijifunza, sawa! Waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa watu wa chombo. Walizijua tezi, omo na ngama kwa kuzikanyaga. Mseme methali mkishajua walau upande upi wa jahazi ni wa mbele.

Na mniruhusu niseme la Kilimanjaro, maana limenikaa kooni. Kila aliyefika Kilele cha Uhuru, mita 5,895, anarudi na picha kwenye kile kibao na maneno kwamba mlima ulikuwa ndani yake, kwamba alipambana peke yake na nafsi yake. Peke yake! Hema lilipanda lenyewe? Maji ya chai yalijichemsha? Mpagazi anaruhusiwa kubeba hadi kilo 20 za mizigo ya wageni, na ukifika kambini hoi bin taaban unamkuta keshafika, hema limesimama na sufuria iko jikoni. Hayumo pichani. Naona kumtoa mtu kwenye picha ili upate kusema ulikuwa peke yako ni dhuluma, hata kama chini umeandika maneno ya unyenyekevu.

Halafu kuna chupa. Mnaoguswa sana na maporomoko ndio mnaoacha chupa za plastiki pale pale yanapoangukia. Nimeziona, zimezunguka kwenye kidimbwi pamoja na vijiti vya mishikaki, na juu yake kijana kasimama amenyoosha mikono, anapigwa picha ya amani ya moyo.

Shule zikifungwa wengi mtatoka. Tokeni, na picha pigeni mpaka simu ijae. Chini ya picha andikeni jina la mahali, tarehe, na jina la mti. Msipolijua, muulizeni mwenyeji, na mumpe cha soda kwa muda wake. Mwenye mzigo mtueni kabla ya kumwelekezea kamera, na akikataa kupigwa, mwacheni aende zake. Chupa rudini nazo. Na masomo ya maisha, tafadhali sana, mimi msinitumie.