Mavazi ya marehemu si mitumba

Mpenzi msomaji, kuna kazi ambazo mtu hupewa asiweze kuzikataa, na hakuna shule iliyomfunza namna ya kuzifanya. Mojawapo ni kuuza vitu vya mtu aliyekufa kwa niaba ya jamaa zake. Kazi hiyo iliniangukia mimi mwaka jana, nami nakusimulia leo kwa sababu huenda ikakuangukia wewe kesho.

Jirani yangu alikuwa mpenzi wa pikipiki. Si kwamba alikuwa mwendeshaji wa boda boda, la. Siku za kazi alikuwa mhasibu, na Jumapili baada ya ibada alivaa mavazi yake ya safari, akawasha pikipiki yake kubwa, na kushika Barabara ya Magadi pamoja na wenzake. Jumapili moja hakurudi. Walipokwisha kupita Corner Baridi, ng'ombe alikatiza barabara ghafla, naye jirani yangu akaanguka. Alifariki hospitalini usiku huo huo. Daktari alisema kichwa chake kilikuwa salama. Kifua ndicho kilichopondeka.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mkewe aliniita. Muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa na karo ya watoto wawili ilikuwa haijalipwa. "Shemeji," aliniambia, "kila nikifungua kabati naona mabega yake. Niuzie vitu hivi. Wewe unawajua watu."

Juu ya kitanda alikuwa amepanga helmeti mbili, moja nyeusi na nyingine nyeupe, jaketi mbili, suruali yenye kinga za magoti, glavu, buti na koti la mvua. Kando yake alisimama kaka yake marehemu, mikono kifuani, akihesabu kwa macho.

Jambo la kwanza nililofanya, msomaji, ni kuuliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: vitu hivi ni vya nani sasa? Usidhani ni utovu wa adabu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote asiye na idhini kushika au kuuza mali ya marehemu. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Watu wengi wamejikuta mbele ya hakimu kwa sababu ya kumfanyia mjane "kisaidizi" ambacho shangazi wa marehemu hakukiafiki.

Sheria hiyo hiyo hutofautisha vitu vya mtu binafsi na vya nyumbani na mali nyingine. Nguo na vitu alivyotumia marehemu mwenyewe ni vitu vya binafsi, na pale ambapo hakuna wasia na ameacha mke na watoto, kifungu cha 35 humpa mjane haki ya kuvimiliki. Lakini gari au pikipiki yenyewe haimo katika kundi hilo, wala kitu chochote kinachohusiana na biashara au kazi ya marehemu. Kwa hiyo, pikipiki ya jirani yangu ilibaki chini ya turubai ikisubiri hati ya mahakama. Na lau angekuwa mtu wa boda boda, hata helmeti na reflekta yake zingeweza kuzua ubishi, kwa maana zilikuwa zana za kazi. Waislamu nao wana sheria yao ya mirathi, na kadhi ndiye wa kuulizwa. Ikiwa una shaka, muulize wakili kabla hujapokea hata shilingi moja.

Baada ya hapo niliomba jamaa waketi pamoja: mjane, kaka yake marehemu, na mama mzazi aliyekuja kutoka mashambani. Kila mmoja aliulizwa kama kuna kitu anachotaka kibaki. Mama mzazi alichukua glavu. Hakueleza sababu, nasi hatukumuuliza. Mwana mkubwa, mwenye umri wa miaka 13, aliomba jaketi la ngozi, ingawa lilimfika magotini. Usiuze kitu kabla ya kikao kama hicho. Pesa zikishaliwa, hakuna anayeweza kumrudishia mtoto jaketi la babake.

Kisha tulipekua mifuko. Wengi husahau jambo hili. Katika mfuko wa ndani wa koti la mvua tulipata kijikaratasi chenye mwandiko wake: rula, kalamu za rangi, daftari mbili. Ilikuwa orodha ya vitu ambavyo binti mdogo alikuwa amemwagiza. Mjane alikikunja akakitia katika Biblia yake. Tulinyamaza kwa muda kabla ya kuendelea.

Sasa tufike penye kiini cha hadithi yangu, yaani zile helmeti mbili.

Ile nyeusi ndiyo aliyokuwa ameivaa siku ya ajali. Ukiitazama ungesema ni nzima: mkwaruzo mmoja tu upande wa nyuma, tena wa kufutika kwa rangi. Kaka yake marehemu aliigeuza mikononi akasema, "Hii ni ya bei. Tukiisugua kidogo haikosi Sh6,000. Nani atajua?"

Msomaji, helmeti si sufuria, ambayo ikibonyea utaigongagonga na kupikia tena. Chini ya lile gamba gumu la nje kuna tabaka nene la povu gumu, la jamii ya lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kumeza nguvu ya pigo ili isifike kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi lilivyokuwa. Limefanya kazi yake, na kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Hata mafundi wenye macho makali huenda wasiuone ufa uliojificha ndani. Anayenunua helmeti iliyoanguka amenunua gamba tupu.

Na kinga hiyo si jambo dogo. Mnamo Mei 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake bila helmeti, akafa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, mtaalamu wa upasuaji wa ubongo, hakulisahau tukio hilo. Alichunguza vifo vya askari wa pikipiki, na mwaka wa 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha jinsi helmeti zinavyookoa vichwa. Uchunguzi wa kitaalamu uliojumlisha tafiti nyingi, uliotolewa mwaka wa 2008, ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hesabu hizo ni za helmeti nzima, iliyofungwa kamba kidevuni. Iliyokwisha kuanguka haimo katika hesabu hizo.

Tulikuwa bado tunabishana wakati kijana mmoja alipobisha hodi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na siku za wikendi aliendesha boda boda ya mjomba wake ili apate karo. Alikuwa amesikia habari kwa rafiki. Macho yake yalitua moja kwa moja kwenye ile nyeusi. Aliijaribu, ikamkaa sawasawa. Akatoa simu yake, tayari kutuma pesa. "Mzee," aliniuliza, "mwisho ni ngapi?"

Waama, hapo nilijaribiwa. Nilijua karo ilikuwa inangoja. Nilijua pia kwamba kijana mwenyewe ameridhika, na nikinyamaza, atakwenda zake akishukuru. Kaka yake marehemu alinikazia macho. Mimi nikamtazama mjane, maadamu mali ilikuwa yake na neno lilikuwa lake.

Mjane alinyamaza kwa muda. Kisha akamwambia yule kijana, "Vua hiyo, mwanangu. Hiyo ndiyo aliyoanguka nayo." Na alipomgeukia shemeji yake alisema tu, "Huyu naye ana mama."

Jioni hiyo tuliitoa ile helmeti nyeusi uani. Tulizikata kamba zake kwa kisu, kisha tukalipasua gamba kwa nyundo. Jambo hili, msomaji, nakusihi ulifanye bila huruma. Helmeti ya ajali ukiitupa ikiwa nzima, itaokotwa, itasafishwa, na kabla ya mwezi kwisha itakuwa inauzwa kando ya barabara. Jaketi la pili, ambalo wauguzi walilikata kwa mkasi hospitalini, tulilichoma.

Ile nyeupe ilikuwa ya abiria. Mkewe ndiye aliyekuwa akiivaa, mara chache sana, na haikuwahi kuanguka. Tulitazama tarehe ya kutengenezwa ndani yake: miaka miwili tu. Watengenezaji wengi hushauri helmeti ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi, hata kama haijapata ajali, kwa maana jasho, jua na mafuta ya nywele huidhoofisha. Tulitazama pia kibandiko kilichoshonwa kwenye kamba, chenye herufi E ndani ya duara, ambacho ni alama ya kiwango cha kimataifa. Kijana aliijaribu. Ilimkaza mashavuni bila kumuumiza, na alipotikisa kichwa haikucheza. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mwenyewe alikufaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilimweleza yote: Magadi, ng'ombe, kifua. Usimfiche mnunuzi jambo hili. Wapo wasiotaka kuvaa kitu cha marehemu kwa sababu ya imani zao, na hiyo ni haki yao. Kijana alisikiliza, akafikiri, akasema ataichukua. Mjane alimwuzia kwa Sh2,500, akamwongezea lile koti la mvua bure. Suruali na buti zilichukuliwa na mmoja wa wenzake marehemu wa safari za Jumapili, baada ya kukagua mishono na kuzikunja nyayo aone kama zimepasuka. Alilipa bei nzuri kuliko tuliyoitaja, wala hatukumzuia.

Kabla sijaagana nawe, niruhusu nikuachie mawaidha machache, endapo kazi hii itakufikia.

Andika orodha ya kila kitu, bei yake na aliyekinunua, na kila mmoja wa jamaa aione. Pesa zitumwe moja kwa moja kwenye simu ya mjane, zisipitie kwako hata kwa dakika tano. Uaminifu wako unaweza kuwa mkubwa, lakini midomo ya watu ni mikubwa zaidi. Usitangaze kwamba nyumbani kuna mjane anayeishi peke yake na watoto. Wanunuzi wakutane nawe wewe, mahali penye watu. Na kama unatarajia malipo kwa kazi yako, yataje mwanzoni. Mimi nililipwa chai na maandazi, na nilishiba.

Pesa zote hazikutosha karo. Zilitosha ya mtoto mmoja na nusu ya wa pili, na mwalimu mkuu alikubali salio lilipwe kidogo kidogo. Kaka yake marehemu, ambaye hakunisemesha kwa majuma mawili, alikuja kulipa sehemu yake bila kuombwa.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini helmeti iliyoanguka huoza siku ile ile, hata kama inang'aa. Ukikabidhiwa vitu vya marehemu, uza vile vitakavyomkinga aliye hai, na vile ambavyo haviwezi tena, vivunje kwa mkono wako mwenyewe.

Yule kijana wa chuo namwona mara kwa mara kwenye kituo cha boda boda karibu na kwetu, helmeti nyeupe kichwani, kamba imefungwa. Akiniona hunipungia mkono.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.