Chuku Si Uwongo: Maoni Kuhusu Picha za Dhoruba



Kwa miaka yote niliyosimama mbele ya ubao, niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba chuku ni tamathali ya usemi na uwongo ni tabia mbaya, na kwamba mtahini hatawasamehe wakivichanganya. Kisha nikastaafu, nikanunua kamera, nikavichanganya mimi mwenyewe. Makala haya ni ungamo kwanza, hoja baadaye.

Naishi Mwanza, mlimani, mahali ambapo nikifungua dirisha naliona Ziwa Victoria. Ziwa hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, hujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya mvua hujijenga huko. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo wa pande zote huteremka kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu hupanda. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili hupendelea usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Alfajiri moja ya vuli niliamshwa na ngurumo. Nikatega kamera dirishani, nikapiga picha kumi na moja. Iliyokuwa bora ilionyesha wingu zito limeinama juu ya maji, chini yake pazia la kijivu, na upande wa kulia weupe hafifu wa mapambazuko. Ilikuwa picha ya kweli, nami nikaiona haitoshi. Nikaketi kwenye kompyuta. Nikaongeza weusi hadi upeo wa macho ukamezwa. Nikalipa wingu rangi ya zambarau ambayo Mungu hakulipa. Mwishowe nikachukua umeme nilioupiga picha usiku mwingine, wakati wa masika, nikaubandika katikati ya maji. Saa tatu asubuhi nikaituma picha kwa majirani, nikangoja sifa.

Saa nne nilisikia hodi. Alikuwa mama jirani, simu mkononi.

“Mwalimu, radi hii imepiga maji ya upande gani?”

Mwanawe alikuwa ziwani tangu jana yake na hakuwa amerudi. Nilitamani ardhi inimeze.

“Mama, umeme huo si wa leo.”

Akanitazama. “Si wa leo? Sasa umefikaje hapa?”

Miaka yote ya ualimu sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo.

Kijana alirudi mchana, salama. Yeye na wenzake walikuwa wamejisitiri kisiwani. Nilikuwa nimemfundisha sekondari, na jioni alipita kunijulia hali. Baada ya shikamoo akaomba kuiona picha iliyomliza mama yake. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Ni nzuri, Mwalimu. Lakini mvua iko wapi?”

“Si hilo wingu lote jeusi?”

“Sisi hatusomi weusi. Tunasoma chini ya wingu. Pale panapoonekana kama pazia ndipo mvua inaposhuka, na upepo mbaya huitangulia. Tukiona pazia linasogea upande wetu, tunakimbia. Hapa umelipaka, halionekani. Mtu akiifuata picha hii, atakufa.”

Usiku ule niliifungua tena picha ya mwanzo. Pazia lilikuwepo, jembamba, la kijivu, limeinamia upande mmoja kwa sababu ya upepo. Lile nililoliona dogo ndilo lililokuwa habari yenyewe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nami nilikuwa nimeifuta dalili ili nipate mapambo.

Sasa nije kwenye hoja. Wako watakaosema kwamba picha isiyohaririwa haipo. Wanasema kweli. Kamera yenyewe huhariri kabla yetu, kwani huamua ni rangi ipi iitwe nyeupe na ni kivuli gani kiachwe gizani. Historia nayo iko upande wao. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari ambazo baadhi yake ziliunganishwa kutoka negativu mbili, moja ya maji na nyingine ya mbingu. Kemikali za wakati ule ziliathirika mno na mwanga wa buluu, kwa hiyo aliyetaka maji yaonekane alipata mbingu tupu, nyeupe kama karatasi. Naye Mmarekani Ansel Adams, aliyepiga picha mashuhuri ya dhoruba ya majira ya baridi ikiondoka katika bonde la Yosemite, alishinda katika chumba cha giza akififisha sehemu hii na kuangaza ile. Adams alisomea piano kabla ya kuwa mpiga picha, na alipenda kuilinganisha negativu na noti za muziki, na picha iliyosafishwa na uchezaji wa noti hizo.

Sisi washairi tunauelewa ulinganisho huo kwa njia yetu. Arudhi imetupa ruhusa. Tuna inkisari, tunalifupisha neno ili mizani itoshe. Tuna mazida, tunalirefusha. Tuna tabdila, tunalibadili umbo kidogo ili kina kikae. Lakini ruhusa hizo zote zina sharti moja ambalo mwalimu yeyote wa ushairi hulirudia: neno libaki linatambulika na maana isipotee. Mshairi akifupisha neno hadi msomaji asijue limetoka wapi, hiyo si inkisari tena, ni uharibifu.

Naona sheria hiyo hiyo inalifaa wingu. Kukata kingo za picha ili jicho lisitangetange ni inkisari. Kuinua mwanga wa kivuli ili jiwe lionekane kama jicho lilivyoliona ni mazida. Kukoleza rangi ya machweo ni kutia chumvi, na chumvi kwa kiasi haijaharibu mchuzi. Lakini kubandika umeme wa masika kwenye alfajiri ya vuli ni kuchota mchuzi wa chungu kingine na kuuita wako. Le Gray alipungukiwa na kemikali. Mimi sikupungukiwa na kitu ila subira.

Na subira ndiyo inayodaiwa na picha ya umeme. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, lenga mbali kwa mkono, acha shata wazi sekunde kumi hadi thelathini gizani, kisha ngoja. Hifadhi faili ghafi, maana humo mna vivuli vingi kuliko katika picha iliyobanwa, na pazia la mvua halitapotea upesi. Pima mwanga kwa sehemu nyeupe zaidi ya mbingu, kwa kuwa weupe uliokwisha kuungua haurudishwi na programu yoyote. Zaidi ya yote linda roho yako. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikipungua thelathini, ingia ndani ya nyumba, ukae humo hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti si kimbilio.

Hapa lugha inatudai jambo. Umeme huonekana, ngurumo husikika, radi hupiga. Siku hizi nasoma maelezo ya picha ambamo kila mstari wa mwanga ni “radi” na kila wingu jeusi ni “kimbunga”. Mama jirani aliposema radi, alimaanisha kitu kinachoua. Ukiandika “radi ziwani” chini ya picha ya umeme uliokaa mawinguni, umehariri kwa neno kile ambacho pengine hukuthubutu kukihariri kwa kompyuta. Tunayo hazina ya kutosha: rasharasha, manyunyu, ukungu, utusitusi, mavundevunde, dhoruba, tufani. Mwenye maneno hayo yote hana haja ya kuazima zambarau.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Anayetaka kuunganisha mbingu mbili aunganishe, sanaa ni pana, ila aandike chini ya picha kwamba ameunganisha. Asiyeandika hivyo awe ametuahidi kwamba kilichomo kilikuwepo, mahali pale na saa ile. Mshairi anaposema machozi yake yamefurika ziwa, hakuna anayekimbilia mtumbwi, maana sote tunaijua chuku tunapoisikia. Picha haina sauti hiyo ya kututahadharisha. Hufika kwenye simu ya mama anayemngoja mwanawe, naye huiamini.

Picha ile nimeifuta. Ya mwanzo, yenye pazia lake la kijivu, nimeisafisha na kumpelekea yule kijana. Ameitundika ukutani kwake, na mama yake ameniambia kuwa sasa anaweza kuitazama. Nami nimejiandikia ubeti mmoja, nimeuweka kando ya kompyuta:

Picha ni shahidi wangu, wa tufani ya usiku,
Rangi iliyo ya wingu, niikoleze kwa chuku,
Nisiizue, mwenzangu, radi kwa yangu shauku,
Mvuvi asome mbingu, aijue yake siku.