Barza ya Mwalimu: Upanga na Ulimi

Mwaka huu barza yetu imeletewa kesi ya wajukuu. Vijana wetu hapa Uingereza hukutana Jumamosi kucheza Dungeons & Dragons, na kila mara hugawanyika: hawa wataka kupigana na majoka mwanzo hadi mwisho, na hawa wataka kuzungumza na kuigiza wahusika wao. Karibuni binti mmoja amesema harudi tena. Ni mtoto mkimya, na mezani pale ndipo tulipoanza kuisikia sauti yake. Kwa hiyo jambo hili si la kupuuzwa.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na asili yake ni michezo ya vita ya vinyago vya askari. Mmoja huwa msimamizi: hueleza mahali na kuwasemea maadui. Wengine kila mmoja hushika mhusika wake, na dadu, khasa ile ya pande 20, huamua lenye shaka. Basi mapigano si uzushi wa vijana hawa.

Lakini mwalimu yeyote ajua kwamba mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Mchezaji naye hufuata penye alama. Katika kitabu cha wanaoanza cha mwaka 1981, adui wa kawaida wa daraja la kwanza alileta alama 10 tu, na kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama alama 1. Mfuko wa sarafu 200 ulilingana na maadui 20! Mwenye akili alitafuta njia ya kupita bila ya kuchomoa upanga, kama Sungura wa hadithi zetu. Tena msimamizi aliweza kutupa dadu mbili kujua nia ya viumbe waliokutwa, na shambulio la papo hapo lilikuja kwa jumla ya 2 pekee, yaani mara 1 katika 36. Toleo la mwaka 2000 liliacha kuhesabu sarafu. Alama zikatoka zaidi kwa kuwashinda maadui na vikwazo. Kitabu cha mwaka 2014 kikataja nguzo tatu: upelelezi, mazungumzo na mapigano.

Iko na hesabu ya saa. Wachezaji 5 na maadui 6, kila zamu dakika 2, mzunguko mmoja ni dakika 22. Mizunguko minne yakaribia saa moja na nusu. Kumbembeleza mlinzi wa lango huisha kwa dakika 10. Vita vitameza jioni nzima hata pasipo na mtu aliyevipendelea.

Nasaha zangu kwa msimamizi ni nne. Kwanza, kila adui awe na haja yake: njaa, woga, deni. Mwenye haja aweza kupatana. Pili, adui aruhusiwe kukimbia au kusalimu amri. Si lazima kila vita viishe kwa mauti. Tatu, mtoto asihukumiwe kwa ufasaha wake mwenyewe. Hatumwambii kijana anyanyue upanga wa kweli ndipo tukubali kuwa amepiga. Mbona twamtaka mkimya ahutubu ndipo tukubali kuwa ameshawishi? Aseme mhusika wake ataka nini na kwa hoja gani, kisha dadu iamue. Nne, aliyepatanisha apate alama sawa na aliyepigana.

Wala wapenda vita wasidharauliwe. Mazungumzo yasiyo na hatari nyuma yake huwa porojo, na kijana aliyeinamia vitabu wiki nzima ana haki ya kumpiga joka mmoja Jumamosi. La muhimu, kabla ya kuanza, kila mmoja aulizwe anapenda nini, na msimamizi akumbuke jibu.

Ama wazazi wanaouliza kama hii ni kamari, hapana dau linalowekwa mezani. Anayeona uzito juu ya dadu zenyewe na amuulize mwanachuoni wake. Lakini kabla ya kukataza, kaeni nao jioni moja, msikilize. Mtasikia watoto wakibishana kama wafungwa wa vita waachiliwe au la, na hilo ni somo ambalo darasani tulihangaika sana kulifundisha.

Tukijaaliwa, tutakutana tena mwakani. Wassalaam.