Kinu cha mama na kinu cha motere

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 24:6



Mama mmoja wa Kamituga, kule Kivu ya Kusini, aliniomba jambo ambalo sikufundishwa katika masomo ya Biblia: "Pasta, uombee ile mashini iharibike."

Wengi wenu munajua sababu. Mawe ya dhahabu yakitoka shimoni, yanavunjwa na nyundo, kisha yanatwangwa mpaka yawe unga, ndipo dhahabu itengane na jiwe. Kamituga kazi hiyo ilikuwa ya wamama. Watu waliwaita "twangaises", ni kusema neno letu kutwanga limevalishwa mkia wa Kifaransa. Kwa kinu na mchi wa chuma walilisha nyumba na kulipa masomo ya watoto.

Lakini katika miaka ya 2010 vinu vya motere viliingia. Ni pipa nene la chuma, limelazwa. Ndani yake munatiwa mawe pamoja na mipira mizito ya chuma. Motere inazungusha pipa, mipira inapanda ubavuni, kisha inaanguka juu ya mawe na kuyasaga. Pipa likizunguka polepole sana, mipira inateleza tu. Likizunguka mbio kupita kiasi, mipira inashikamana na ukuta, haianguki, na jiwe halisagiki. Lakini mbio ikiwa ya kadiri, kazi ya siku nzima ya mama inakwisha kwa wakati mfupi.

Nilimjibu yule mama kwamba siwezi kuomba vile. Kutwanga kulikuwa kunamuua pia. Vumbi ya mawe inaingia mapafuni, inakaa humo na kuharibu pumzi. Mgongo unapindika. Tena watoto walitwanga na mama zao saa za masomo. Kinu kinachosaga na maji kinapunguza vumbi. Wenye kutwanga bado kwa mkono, mulowanishe mawe kwanza.

Hata hivyo tusimwambie mama "uende kwa amani" na kumwacha na njaa. Mungu alikataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu tu, sababu anayelichukua amechukua uhai wa nyumba. Mwenye mashini hakuiba mchi wa mama, ni kweli. Lakini sahani ya watoto imebaki tupu vilevile.

Basi tufanye nini? Wamama, likelemba munaijua: mukiweka pesa pamoja, mutafute sehemu yenu katika kinu kimoja. Ndugu mwenye kinu, uwape wamama walewale kazi ya kuchagua mawe na kuosha mchanga, na uwalipe bila kuchelewa. Vijana, mujifunze kutengeneza motere, wasichana pia.

Yule mama tuliomba naye. Siku hizi anauza mihogo, na jina lake ni la kwanza katika daftari ya likelemba.

Bwana awabariki nyumbani na kazini.