Bai isigawiwe gizani

Ukitaka kujua nani atabeba kombe la magongo, usikimbilie uwanjani. Anza na droo.

Piga hesabu, msee. Timu 12 ziko kwenye mtoano. Ili raundi zilingane, nne zinapewa bai, yaani zinaruka raundi ya kwanza bila kutoka jasho. Hizo zinahitaji kushinda mechi tatu pekee. Zile nane zingine, mechi nne. Kama kila mechi ni hamsini kwa hamsini, mwenye bai ana nafasi moja kati ya 8 ya kuwa bingwa. Mwenzake ana moja kati ya 16, na miguu imechoka pia.

Sasa angalia huku kwetu. St Anthony's iko Kitale, Kamusinga iko Bungoma. Ni majirani, lakini kwenye michezo ya shule za upili moja hupitia Rift Valley, nyingine Magharibi. Zinakutana baada ya kufika kitaifa. Zikirushwa kundi moja huko, miamba inaumizana mapema huku upande ule mwingine mtu anateleza hadi fainali. Timu kali zitenganishwe, kwa kufuata matokeo ya mwaka uliopita.

Utasema huko ni kubeba wakubwa, wadogo watatoboa lini? Swali poa. Ndiyo maana vigezo vitangazwe mapema na droo ifanywe mbele ya makocha wote. Kichapo cha uwanjani kinamezeka. Cha kwenye karatasi, zii.