Kabla Hujaweka PIN: Jalada la Gemu Si Gemu Yenyewe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye maduka ya gemu za simu na kompyuta methali hii inapata mtihani mgumu, kwa sababu huko vyote vinajitembeza. Gemu nzuri na gemu mbovu zimevaa suti ile ile: mpiganaji mwenye misuli, moto nyuma yake, na maneno matamu chini. Wewe nawe uko na mia tatu kwenye simu na kidole kiko tayari.

Msimamo wetu ni huu: jalada na maneno ya dukani ni tangazo, si maelezo ya bidhaa. Yasome vile unavyomsikiliza makanga akisema "imebaki mmoja, twende!" Humuiti mwongo, lakini unachungulia dirishani kwanza uone viti.

Huenda ukashangaa. Sisi ni kampuni ya malipo na tunapata kitu pesa zinapotembea, sasa mbona tukwambie usiharakishe? Ni kwa sababu tunajua kinachofuata. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, kuna utaratibu wa kuomba zirudishwe. Lakini ukinunua gemu kwa PIN yako mwenyewe, halafu ukaifungua ikakuboa, kwa upande wetu hakuna kilichoharibika. Aliyelipwa ndiye uliyetaka kumlipa. Mwenye uamuzi wa kurudisha hizo pesa ni duka, si sisi. Kwa hivyo mahali pa kujikinga ni kabla ya PIN, si baada.

Picha na gemu havijawahi kufanana

Mambo haya hayakuanza jana. Enzi za Atari, miaka ya 1970 na 1980, sanduku lilikuwa na mchoro wa rangi wa kupendeza, na ndani ya televisheni ulikuta vijisanduku vinavyosogea. Mwaka wa 1987 Capcom walitoa Mega Man. Jalada lililouzwa Marekani lilikuwa na mwanaume mzima ameshika bastola, ilhali kwenye gemu shujaa ni roboti mdogo ambaye mkono wake wenyewe ndio mzinga. Watu bado wanalicheka jalada hilo hadi leo, na gemu yenyewe ilikuwa nzuri. Hapo ndipo somo lilipo: jalada baya linaweza kuficha gemu tamu, na jalada tamu likaficha gemu mbovu. Ukihukumu kwa jalada peke yake, utakosea pande zote mbili.

Siku hizi shida imehama kutoka kwa mchoro hadi kwa video. Mwaka wa 2020 shirika la kusimamia matangazo nchini Uingereza lilipiga marufuku matangazo mawili ya gemu za Homescapes na Gardenscapes, za kampuni ya Playrix. Tangazo lilionyesha fumbo la kuvuta pini ili kumwokoa mtu. Ukipakua, sehemu kubwa ya gemu ni kupanga vitu vitatu vinavyofanana. Kampuni ilijitetea kwamba mafumbo hayo yamo ndani, na kwamba tangazo lilikuwa na maandishi ya tahadhari. Shirika likakataa: mafumbo yalikuwa machache mno, na maandishi hayo hayangetosha kuondoa picha ambayo mtu ameshaibeba kichwani.

Kesi ya No Man's Sky ilienda upande mwingine. Ilipotoka Agosti 2016, wanunuzi walilalamika kwamba ukurasa wake kwenye duka la Steam ulionyesha mambo ambayo hawakuyakuta. Shirika lile lile lilichunguza, na Novemba mwaka huo likasema ukurasa haukupotosha. Watengenezaji, Hello Games, waliendelea kuiongezea vitu kwa miaka bila malipo. Lakini tazama: tangazo linaweza kupita kipimo cha sheria, na mnunuzi bado akahisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Sheria inauliza kama umedanganywa. Mfuko wako unauliza kama ulipata ulichotarajia. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Jinsi ya kuchungulia dirishani

Kwanza, ruka jalada uende kwa picha za ndani. Tafuta zile zenye vitufe, alama na ramani pembeni mwa skrini, kwa sababu hizo ndizo za mtu anayecheza kweli. Picha ambayo haina chochote cha kubonyeza huenda ni sinema tu. Kama picha zote ziko hivyo, shuku.

Pili, katika maelezo tafuta vitenzi. "Ulimwengu wa ajabu", "safari isiyosahaulika", "vita vya kihistoria" ni sifa tupu. Utafanya nini hasa? Utajenga, utaendesha, utapanga, utapiga? Utacheza peke yako au na wenzako? Itahitaji bando kila saa? Ukimaliza kusoma na huwezi kumweleza rafiki unachofanya kwenye gemu hiyo kwa sentensi moja, muuzaji hajakueleza kitu.

Tatu, soma maandishi madogo karibu na kitufe cha kupakua. Google Play huonyesha hapo kama gemu ina matangazo na kama ina vitu vya kununua ndani, na ukifungua maelezo zaidi utaona bei ya kitu kimoja kuanzia chini hadi juu. Gemu ya "bure" yenye vitu vya maelfu ya shilingi si ya bure, ni duka lenye mlango wazi. Ukiwa unampa mtoto simu, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili, na PIN ibaki yako.

Nne, tafuta video ya mchezaji wa kawaida, dakika kumi tu. Na usome maoni ya nyota tatu. Ya tano na ya moja mara nyingi ni ya mashabiki na ya wenye hasira.

Tano, jua saa inahesabu. Steam hukubali kurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama umecheza chini ya saa mbili. Kwenye Google Play, omba kabla ya saa 48 kuisha. Kwa hivyo ukinunua, ifungue siku hiyo hiyo. Usiiweke mpaka wikendi.

Mzigo si wa mnunuzi pekee

Kuna wanaosema biashara ni kupamba, kila mtu anapamba bidhaa yake. Kweli, na hatuna neno na pambo. Mchoro wa jalada ni sanaa, na mtengenezaji mdogo asiye na pesa za matangazo anastahili dirisha la kuvutia. Tunachokataa ni kuonyesha kazi ambayo mchezaji hataifanya.

Maduka yenyewe yameanza kukubali hilo. Mwaka wa 2021 Google Play ilitangaza kwamba majina ya programu hayatabeba tena maneno ya kujisifu kama "namba moja". Tangu Septemba 2022, Steam hairuhusu alama za wahakiki wala matangazo ya punguzo juu ya picha ya jalada. Ni hatua nzuri, ila bado kuna moja: picha ya kwanza ambayo mnunuzi anaiona baada ya jalada iwe ya mchezo wenyewe, kama unavyochezwa.

Hapa kwetu Katiba, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anacholipia. Haijasema haki hiyo ni ya unga na simiti pekee. Gemu ya mia tatu imo pia. Mpaka wauzaji wote walielewe hilo, chungulia viti kwanza. Kama gari ni tupu, pesa zako ziko salama pale zilipo, na sisi hatutakasirika.