Yasutoki na Mashimo ya Mlimani

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Hebu leo twende Japani ya karne ya 13, tumwone mtawala aliyelitambua jambo hilo.

Hojo Yasutoki alizaliwa mwaka wa 1183. Siku za utawala wake, mfalme alikuwa Kyoto lakini nguvu zilikuwa Kamakura, mji wa wapiganaji. Hata huko, shogun, yaani jemadari mkuu, alikuwa na cheo tu. Mwenye kauli alikuwa shikken, aliyetawala kwa niaba yake. Mnamo 1221 mfalme mstaafu Go-Toba alijaribu kuiangusha Kamakura. Yasutoki aliongoza jeshi lililoiteka Kyoto. Mwaka wa 1224 babake, Yoshitoki, alifariki, naye Yasutoki akawa shikken.

Vita viliacha kesi tele. Mashamba ya walioshindwa yaligawiwa washindi, na kila mmoja akadai chake. Yasutoki hakutaka kuamua peke yake. Mwaka wa 1225 aliunda baraza la watu 11. Kisha mwaka wa 1232 akatoa sheria 51 za wapiganaji. Aliyekalia shamba kwa miaka 20 hangenyang'anywa. Mwanamke asiye na mtoto aliruhusiwa kupanga mtoto na kumrithisha ardhi.

Wasomi wa Kyoto wangeweza kucheka, kwa maana sheria za kale zilikuwapo tayari. Yasutoki alimwandikia nduguye Shigetoki, aliyekuwa huko, akamweleza kwamba sheria hizo za maandishi ya Kichina zilijulikana na wachache mno. Kumhukumu mtu kwa sheria asiyoijua, alisema, ni kama kumwacha aingie mlima uliochimbwa mashimo ya kutegea paa. Atatumbukia bila kujua.

Yasutoki alifariki mwaka wa 1242, lakini sheria zake ziliishi. Karne nyingi baadaye watoto wa Japani walikuwa wakizinakili ili kujifunza kuandika.

Je, mzazi, kabla hujamwadhibu mwanao, ulimweleza kosa ni lipi? Nawe kiranja wa shule, wenzako wanazijua kanuni unazowashtakia? Anayeificha sheria na aliyechimba shimo njiani, tofauti yao ni ipi?